Meza ya Mtafsiri Mtwara: Nini Ununue, Nini Umwachie Fundi

Habari za saa hizi, wadau. Karibuni Mtwara, karibuni Shangani, kwenye chumba hiki ambacho mchana ni ofisi na usiku ni stoo ya nguo zinazosubiri pasi. Leo tunachambua vifaa vya mezani kwa mtu anayetafsiri akiwa nyumbani. Sina mdhamini, hakuna duka lililonipa kitu cha bure, kwa hiyo kizuri nitakisifia na kibovu nitakisema.

Video nyingi za ofisi ya nyumbani zinatengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki, hewa yao haina chumvi, na duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara. Meza nyeupe, ua kwenye chungu, taa za rangi nyuma ya skrini. Zinapendeza, sikatai. Ila mtafsiri analipwa kwa neno au kwa ukurasa, halipwi kwa mwonekano wa chumba. Mimi kila kitu kinachotaka kukaa hapa mezani nakiuliza: utanisaidia kukabidhi faili kabla ya saa niliyoahidi, na shingo yangu iwe bado inageuka? Kama jibu ni hapana, hela ibaki.

Kwa huku kwetu mpangilio wangu wa kununua ni umeme kwanza, skrini pili, kiti tatu. Meza yenyewe inakuja mwisho kabisa, na ya dukani sikushauri.

Haya, umeme. Kabla hujafungua pochi jiulize, natumia laptopu au kompyuta ya mezani? Mwenye laptopu betri anayo tayari. Umeme ukienda, kinachozimika kwake ni ruta na skrini ya nje, basi. Lakini wengi wanakimbilia UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kubwa na nzito, wanaiweka chini ya meza inawapasha miguu joto, kumbe shida yao ilikuwa ruta tu. Wenye laptopu ningewaanzishia hapa. Subirini nikasogeze kwenye kamera. Haka kaboksi ni betri ya ruta. Kenyewe kanachomekwa ukutani, ruta inachomekwa kwenye kaboksi, na umeme ukikatika ruta haina habari.

Angalieni kwenye boksi wameandika mAh 8,800, yaani ampea-saa 8.8 za chaji. Namba kubwa, inavutia, lakini imepigwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, na ruta yako inataka volti 12. Kwa hiyo zidisha 8.8 mara 3.7, unapata wati-saa kama 32. Ruta iliyoandikwa volti 12 na ampea 1 inakula wati 12 ikiwa imebanwa kabisa, kwa kawaida chini ya hapo. Toa na umeme unaopotea njiani, unabaki na saa mbili mpaka tatu na kitu. Muuzaji akikwambia inakaa siku nzima, mwombe akufanyie hesabu hiyo mbele yako. Na soma chaja ya ruta yako kabla ya kuchomeka: zipo za volti 9, zipo za volti 12, na ukipeleka 12 kwenye ruta ya 9 unaweza kuiua palepale.

Wenye kompyuta za mezani, nyie UPS hamuikwepi. Hii hapa ni ya VA 650, ukubwa wa kawaida madukani. VA ni volti mara ampea, wati ni umeme unaotumika kweli, msichanganye. Nyingi za ukubwa huu zinabeba wati kama 360. Zinatosha kompyuta ya kawaida ya ofisi na skrini moja, kwa dakika za kuhifadhi faili, kutuma ulichonacho na kuzima kwa amani. Usiipe kazi ya jenereta. Printa ya leza usiichomeke humo, pasi ndiyo kabisa usijaribu. Tena igeuzeni mwangalie mgongoni kabla ya kulipa: nyingine zina matundu ya zile nyaya za kompyuta tu, hazina soketi yetu ya shimo tatu. Unafika nayo nyumbani, hakuna pa kuchomeka.

Jambo ambalo maduka hawalisemi ni joto. Betri ya ndani ya UPS hizi ni ya risasi, na betri ya risasi imepimwa kwa nyuzi 25. Ikiongezeka nyuzi 10 juu ya hapo, umri wake unapungua karibu nusu. Sasa chumba chenye paa la bati hapa Mtwara mwezi Desemba, nani ana nyuzi 25? Kwa hiyo ile miaka iliyoandikwa kwenye boksi isikulevye. Iweke sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi, isifungiwe kabatini. Nunua aina ambayo betri yake inabadilishika kwa bisibisi tu, maana hiyo betri utaibadilisha. Na kelele yake! Umeme ukikatika usiku inalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Tafuteni yenye kitufe cha kuinyamazisha.

Ongezeni na kile kifaa cha kulinda friji au tivii, kinachosubiri kwanza umeme utulie ndipo kiupitishe. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, unaanza kwenye Novemba au Desemba mpaka Aprili, na radi zake mnazijua. Nimeona kompyuta ya jamaa ikiondoka kwa umeme uliorudi kwa kishindo.

Tuje kwenye skrini, hapa nitakaa kidogo.

Programu za kutafsiria, iwe Trados, memoQ au OmegaT, zote zinagawa skrini vipande. Matini chanzi, yaani maandishi unayoyatafsiri, yanakaa huku, tafsiri kule, kumbukumbu ya tafsiri za nyuma pembeni, istilahi kwenye kona yake. Kwenye laptopu ya inchi 14 vipande hivyo vinabanana mpaka unasoma sentensi ya mkataba kwa kuivuta mstari mmoja mmoja. Kisha unashangaa kwa nini uliruka neno. Skrini ya nje ya inchi 24, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, inamaliza shida hiyo. Kwa maandishi huhitaji ya gharama zaidi. Hizi za wacheza gemu zinazosifiwa kwa kasi hazikuongezei kitu, herufi hazikimbii.

Zile zilizotumika maofisini huko nje, zinazoingia nchini kama mtumba, mimi naziunga mkono. Nyingi zina shingo ya kupanda na kushuka, kitu ambacho skrini mpya za bei ndogo hawakiweki. Ila dukani muuzaji atakuwekea video ya samaki wa rangi. Mwambie aiondoe, afungue ukurasa mweupe wenye maandishi madogo. Kwenye weupe ndipo utaona madoa, michirizi ya njano na nukta zilizokufa. Halafu tazama matundu yake. Lile la bluu la pini 15, la VGA, linapitisha picha kwa mtindo wa zamani, na herufi zinaweza kutoka na ukungu kidogo. Kwa mtu anayesoma herufi mchana kutwa, ukungu mdogo ni kichwa kuuma jioni. Chukua yenye HDMI au DisplayPort.

Na hizi za inchi 19 za umbo la mraba, ambazo siku hizi watu wanazidharau? Kama unaiona dukani kwa bei ya kutupa, ichukue iwe skrini ya pili. Ukurasa wa A4 unakaa humo mzima, kutoka kichwa cha habari mpaka muhuri wa chini. Mimi PDF ya matini chanzi naifungulia hapo, skrini kubwa inabaki ya kazi.

Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, na umbali uwe wa mkono ulionyooshwa. Wanaovaa miwani ya sehemu mbili wateremshe zaidi, la sivyo watakuwa wanainua kidevu kutwa. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linang'aa kwenye kioo, likiwa mbele linakuchoma macho.

Sasa, kifaa ninachokipenda kuliko vyote hapa mezani sijakiona kwenye video yoyote ya ng'ambo. Marufaa. Ndiyo, hii hii ya kuwekea msahafu, mbao mbili zinazopishana. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini majalada ya miaka ya nyuma yamejaa Kiingereza, na mengi yanakufikia kama karatasi: hukumu, hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa mara nne. Ukiilaza karatasi mezani, shingo inashuka na kupanda kwa kila mstari. Ukiiweka kwenye marufaa kati ya kibodi na skrini, macho tu ndiyo yanatembea. Inabeba hata kamusi nene ya BAKITA bila kuyumba, wakati vishikizo vya plastiki vya madukani vinapinduka. Ya msahafu iacheni na msahafu wake, kwa fundi chongesheni yenu ya kazi, pana kidogo, na mwambieni aweke ukingo wa chini karatasi isiteleze. Ukiwa na kibodi ya pembeni, hata laptopu inakaa juu yake, na hewa inapita chini.

Kiti. Hapa ndipo msione uchungu wa hela. Kiti changu kilinigharimu kuliko meza, na sijutii. Msidanganyike na vile vikubwa vyeusi vya bosi vya ngozi bandia. Joto likichanganyika na unyevu wa pwani, ile ngozi inavunjika yenyewe kwa kemikali, inaanza kubanduka magamba, unainuka na vipande mgongoni kwenye shati. Kabla haijafika huko, jasho. Chukua chenye mgongo wa wavu, kikalio cha sifongo ngumu kiasi, na miguu ya chuma badala ya plastiki. Mikono yake iweze kuingia chini ya meza, vinginevyo utakaa mbali na kazi yako. Na dukani kaa robo saa nzima, usione haya. Muuzaji akikuangalia vibaya, mwangalie na wewe.

Kama mfuko hauruhusu, kiti cha mbao cha kulia chakula chenye mto wa pamba kwenye kiuno kinazidi kiti kibovu cha magurudumu. Kiti cha plastiki hapana. Kinabonyea, nyonga zinazama, na kazi ya kurasa 40 inakuwa adhabu. Nyayo zikining'inia, weka kigoda chini. Kigoda kile kile cha jikoni.

Kibodi nitaisema kwa haraka, ila kuna jambo la kwetu. Isiwe ya gharama. Chumvi ya Shangani haichagui, usiku mimi naifunika kwa kanga kuukuu pamoja na laptopu. Chukua fupi isiyo na sehemu ya namba upande wa kulia, kipanya kikae karibu na bega lisivutike. Isiyo na waya ni ya kupendeza tu, na betri zake zinaisha usiku wa kukabidhi kazi.

Jambo la kwetu ni hili: Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma, na kazi za Kireno zinatupitia. Herufi za Kireno zenye alama unazipata kwa mpangilio unaoitwa United States-International, ambao upo tayari ndani ya Windows. Ila mpangilio huo unaigeuza ile alama ya ritifaa (') kuwa ya kusubiri herufi inayofuata: ukiandika ng na ritifaa na o, inakutolea ngó. Ng'ombe anakuwa ngómbe, faili zima. Dawa ni kugonga nafasi baada ya ritifaa, au weka mipangilio miwili na uhame kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi. Na Word nayo inapenda kuipindisha ritifaa iwe ya mapambo. Macho hayaoni tofauti, lakini ukitafuta istilahi programu inaweza kuona ni maneno mawili mbalimbali. Chagueni aina moja, mzime nyingine.

Programu si kifaa cha mezani, najua, lakini nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Mwezi Mei 2024 mnaukumbuka. Kimbunga Hidaya kilitufikia mwanzoni mwa mwezi, maji yakakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, mizigo ikakwama. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Barabara na mtandao ndani ya mwezi mmoja! Majukwaa ya kutafsiria ya mtandaoni ni mazuri, nami nayatumia mteja akitaka, lakini mtu wa kusini awe na programu moja inayofanya kazi mtandao ukiwa haupo. OmegaT ni ya bure, inaingia Windows, Mac na Linux, na kumbukumbu yake inahifadhiwa kwa mfumo wa TMX ambao programu nyingine zinausoma. Sura yake haivutii, nakubali. Trados Studio na memoQ nazo zinakaa kwenye kompyuta yako, zina mengi zaidi, ila ni za kulipia na zinataka Windows. Anayeanza, aanze na ya bure.

Na kwa sababu hiyohiyo ya barabara, msisubiri mvua ndipo muagize vitu Kariakoo. Betri ya UPS, waya wa akiba wa HDMI, chaja ya laptopu, vije na basi kiangazi. Mzigo ukishuka stendi ya Mkanaledi ufungueni palepale mbele ya mtu wa mizigo. Kurudisha skrini iliyopasuka kilomita 500 na zaidi si jambo la kutamani.

Vidogo vidogo. Spika za masikioni: kwa wanaokalimani kwa Zoom, chukueni za waya wa USB, zisizo na waya zinachelewesha sauti, na mkalimani akichelewa mara mbili wasikilizaji wanaudhika. Mvua ikipiga bati, hakuna maikrofoni itakayokuokoa, omba kikao kisogezwe. Taa ya mezani, yoyote inayopinda shingo. Feni ikupulize ubavuni, na karatasi ziwekee jiwe.

Meza za kupanda na kushuka kwa mota mnaniuliza sana. Ni nzuri, zina mota, zinataka umeme, na zikiharibika hapa fundi wake simjui. Ukitaka kusimama, sogeza laptopu juu ya kabati la vyombo, soma rasimu yako ukiwa umesimama. Viti vya gemu vya rangi rangi ni ile ngozi bandia niliyoisema, wameongeza michirizi.

Bei mtaniuliza, sizitaji kwa sababu zinabadilika na kila mzigo, na leo nikitaja, mwakani mtanisuta. Hesabuni hivi: kiti kichukue fungu kubwa, umeme na skrini vigawane linalofuata.

Na meza, kama nilivyosema, mwachieni fundi seremala. Zile za dukani za unga wa mbao uliobanwa zinafyonza unyevu kwenye kingo, zinavimba, na mchwa wakizijua ndiyo basi tena. Pia zimekatwa kwa kimo kimoja, sentimita 75 hivi, kinachomfaa mtu mrefu. Sisi wafupi tunaishia mabega juu kutwa. Kaa kwenye kiti chako, nyayo zote sakafuni, kunja kiwiko mraba, mwambie mtu apime kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako, na kwa wengi wetu kitapungua kwenye hiyo 75. Upana sentimita 120, kina 70 ili skrini ipate umbali wake. Mninga ukiumudu sawa, mbao za paini zilizotiwa dawa nazo zinatosha. Mwambie fundi asiweke droo katikati, magoti yatagonga. Ukingo wa mbele auzungushe kwa msasa vizuri, ndipo vifundo vya mikono vinapolala. Atoboe tundu la nyaya nyuma, lenye upana wa plagi kupita, si waya tu. Na vanishi asikupakie ile ya kung'aa, maana taa yote itakurudia machoni. Vipimo nimeviandika hapo chini ya video, mwonyesheni kama vilivyo.